Naogopa kwenda kuchukua majibu ya kipimo. Je, nimekosa imani?

Shikamoo mama,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Machame. Ni Mlutheri wa kuzaliwa: nimebatizwa, nimepata kipaimara na kufunga ndoa katika usharika huu huu. Mume wangu ni mwongoza watalii mlimani.

Mwezi wa tano nikiwa naoga nilishika kitu kigumu kwenye titi la kushoto, ukubwa wa harage. Nilikaa nacho mwezi mzima bila kumwambia mtu. Baadaye nikaenda hospitali ya huku kwetu, wakanipa rufaa kwenda mjini. Huko nikapigwa altrasaundi, kisha wakachukua kinyama kwa sindano wakapeleka maabara. Nikaambiwa nirudi baada ya wiki mbili. Sasa inakwenda ya tano na sijarudi.

Katikati hapo jirani yangu alinipeleka kwenye maombi ya Jumatano, mjini Moshi. Mtumishi wa pale aliponiwekea mikono alitaja titi kabla sijafungua mdomo, ingawa jirani alikuwa anajua. Akasema huo uvimbe ni madhabahu ya ukoo, maana mama yangu naye alifariki mwaka 2009 kwa uvimbe wa titi. Akanikataza kufuata majibu. Anasema nikiisoma ile karatasi nitakuwa nimeukiri ugonjwa, na nikiukiri nimeupokea. Halafu nitoe sadaka ya kujimaliza, kitu ambacho kikitoka kitaniuma.

Kitu hicho ni mtamba wetu. Ana mimba ya miezi saba, na ndiye tunayemtegemea kwa ada ya kijana wetu aliye chuo. Mtumishi amesema mwisho Jumatano ijayo, mlango wa muujiza usije ukafungwa.

Mume wangu sijamwambia. Msimu huu wageni ni wengi. Akishuka analala siku mbili nyumbani anapanda tena. Naogopa akiwa kule juu na jambo hili kichwani atakosea.

Mama, usiku saa nane naamka. Nataka kuomba, maneno hayatoki. Kwenye jumuiya wananiambia, "Mwamini Mungu tu, Mungu hashindwi," naitikia amina huku moyo unaenda mbio. Mimi ndiye niliyekuwa nasimama kuwatia moyo wengine. Sasa najiuliza, kama kweli ningekuwa namtumaini Mungu, ningeogopa hivi? Nikienda kuchukua majibu nitakuwa nimemkosea? Na huyu mtamba nimtoe?

Naomba usitaje jina langu.

Mama wa Machame

*

Marahaba mwanangu. Pole sana.

Nenda kachukue majibu. Nenda wiki hii, kabla ya hiyo Jumatano. Hilo nimelitanguliza ili hata ukiishia hapa kusoma uwe umelipata. Mengine tuyazungumze taratibu.

Uvimbe mwingi unaoonekana kwenye titi si saratani. Lakini hakuna mkono wa mtu, uwe wa daktari au wa mtumishi, unaoweza kuugusa na kuwa na hakika ni wa aina gani, na ndiyo maana walichukua kinyama. Kama ni saratani, inayoanza kutibiwa mapema ina nafasi kubwa zaidi ya kupona kuliko iliyoachwa ikasambaa. Kilichoandikwa kwenye ile karatasi kilikuwa kwenye mwili wako kabla karatasi haijaandikwa. Usipoisoma hakiondoki. Kama majibu ni mazuri, umelala macho wiki hizi zote kwa jambo ambalo lingekwisha siku moja. Kama si mazuri, kila wiki unayokaa nyumbani unaupa ugonjwa nafasi ambayo madaktari wangeitumia wao.

Na habari ya mama yako usiiache kwenye maombi, ipeleke kwa daktari. Saratani ya titi nyingine hufuata damu ya familia, kwa hiyo atataka kujua mama aliugua akiwa na umri gani, na kama yupo shangazi, mama mdogo au dada aliyepata ugonjwa wa namna hiyo. Habari hiyo inaweza kumsaidia kuamua upimwe nini zaidi, na dada zako waanze kuchunguzwa lini. Hapo ukoo wako unatajwa ili watu wapone. Mtumishi ameutaja ili uogope.

Sasa tuje kwenye hofu, maana naona ndiyo inayokutesa kuliko hata uvimbe wenyewe.

Umefundishwa, na wengi wetu tumefundishwa hivyo, kwamba hofu ikiingia imani imetoka. Fungua Marko sura ya 9. Baba ana mtoto mgonjwa tangu utotoni, wanafunzi wameshindwa kumponya, watu wamejaa wanabishana. Yesu anamwambia yote yawezekana kwake aaminiye. Yule baba angeweza kupiga kelele kwamba anaamini, yakaishia hapo. Badala yake alisema, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Yesu hakumrudisha nyumbani akaongeze imani. Hakumpangia siku ya mwisho wala hakumwomba kitu kinachouma. Alimponya mtoto, palepale, kwa ombi lililokuwa nusu imani na nusu hofu.

Soma na Zaburi ya 56, mstari wa 3: "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe." Daudi hakusubiri hofu iishe ndipo atumaini. Zaburi ya 13 inaanza kwa malalamiko matupu: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Maneno hayo yamo katika Biblia ile ile unayoibeba Jumapili, na wenye imani ndio walioyahifadhi. Na Bwana wetu mwenyewe, usiku ule wa Gethsemane, aliwaambia rafiki zake, "Roho yangu ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, kaeni hapa, mkeshe pamoja nami." Kama kukiri huzuni na hofu mbele za watu ni kukosa imani, basi sijui tumfuate nani.

Kwa hiyo saa nane ya usiku, maneno yanapogoma, usijilazimishe kusema "nimeshapona". Sema kilichopo. "Baba, naogopa. Sitaki kufa kama mama. Watoto wangu bado." Hayo ni maombi. Yakishindikana hata hayo, mtajie tu jina lake Yesu, ukae.

Kinachokuchosha mwanangu ni kwamba unatafuta uhakika, na mtu amekuambia uhakika huo upo na una bei. Wahubiri wengi hupenda Waebrania 11, ule mstari wa kwanza: "Basi imani ni kuwa na hakika ya mambo yatarajiwayo, ni bayana ya mambo yasiyoonekana." Wakishausoma hufunga kitabu. Endelea kushuka. Mstari wa 8 unasema Ibrahimu alitoka asijue aendako. Mstari wa 13 unasema, "Hawa wote wakafa katika imani, wasijazipokea zile ahadi." Ukifika mwishoni mwa sura unakuta waliofunga vinywa vya simba wamewekwa orodha moja na waliopigwa mawe na kukatwa kwa misumeno, na wote wameshuhudiwa kwa imani yao. Hakika inayosemwa pale ni hakika juu ya Mungu mwenyewe. Majibu yako ya maabara hayakuwa sehemu ya ahadi. Siwezi kukuahidi karatasi itasema nini, na mtu yeyote anayekuahidi anasema asichokijua.

Nakuomba pia usome Yeremia 32, polepole. Jeshi la Babeli limeuzunguka Yerusalemu na nabii mwenyewe amefungwa katika uwanja wa walinzi. Mungu anamwambia anunue shamba la binamu yake kule Anathothi, nchi ambayo adui ameshaishika. Yeremia anapima shekeli 17 za fedha, anaandika hati, anaita mashahidi, anaipiga muhuri, anaagiza iwekwe katika chombo cha udongo ikae siku nyingi. Akishamaliza yote hayo ndipo anamgeukia Mungu na kumuuliza: mji unaangukia mikononi mwa Wakaldayo, ndio hao Wababeli, nawe umeniambia ninunue shamba? Alitii kwanza, akauliza baadaye, na Mungu hakumkasirikia kwa kuuliza. Nayapenda maandiko hayo kwa sababu kumtumaini Mungu kumeonekana katika mambo ya kawaida kabisa, mizani, hati, mashahidi. Wewe nawe endelea kumlipia kijana ada, endelea kumkatia ng'ombe majani, panga ya Desemba mtakapokuwa nyumbani wote. Na katika hayo hayo ya kawaida kuna kupanda gari kwenda hospitali.

Mume wako utamwelewesha hili kirahisi, maana ndiyo kazi yake. Naamini kabla ya kupanda anaomba. Akishaomba haachi mtungi wa oksijeni getini. Kila jioni kambini anawauliza wageni wamekulaje, wamelalaje, kichwa kinauma au hakiumi. Anajua pia kwamba anayemtia mashaka zaidi ni yule anayeficha maumivu ya kichwa kwa kuogopa kurudishwa chini, kwa sababu huyo ndiye huishia kushushwa kwa machela. Wewe sasa hivi ndiye mgeni huyo.

Kama bado unadhani matibabu ni dharau kwa Mungu, kumbuka wewe ni Mlutheri. Mwaka 1527 tauni ilipoingia Wittenberg, Martin Luther alibaki mjini na mkewe Katharina wakihudumia wagonjwa. Wachungaji wa Breslau walikuwa wamemuuliza kama Mkristo anaruhusiwa kukimbia tauni, naye akawajibu kwa barua ndefu. Humo alisema atamwomba Mungu awalinde, kisha atafukiza nyumba, atasafisha hewa, atatoa dawa na kuzinywa. Wanaokataa dawa kwa kisingizio cha imani aliwaambia wazi kwamba wanamjaribu Mungu. Na hospitali ya KCMC mnayoiona hapo Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, ilijengwa kwa juhudi za Shirika la Msamaria Mwema, kazi ya Wakristo waliosoma Luka 10 wakaona yule Msamaria alifunga majeraha, akalipa na dinari mbili ili mgonjwa aendelee kutunzwa.

La mtamba sasa. Usimtoe.

Nalisema kwa uchungu kwa sababu najua sadaka ni nini, na najua umelelewa kutoa. Toa fungu la kumi, toa mavuno, toa kwa ajili ya yatima. Lakini sadaka inayodaiwa na mtu aliyeshika uhai wako mkononi na kukupa tarehe ya mwisho haina tofauti na fidia. Naamani, jemadari wa Shamu mwenye ukoma, alimwendea nabii Elisha na talanta 10 za fedha, vipande 6,000 vya dhahabu na mavazi 10. Alipopona alirudi kumbembeleza nabii apokee, na Elisha akaapa kwamba hapokei kitu. Aliyemkimbilia njiani kuomba fedha alikuwa Gehazi, mtumishi wake, na ukoma wa Naamani ukamshika yeye. Petro naye alimwambia Simoni, yule mchawi aliyeleta fedha ili apewe uwezo wa mitume, "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe, kwa kuwa umedhania ya kuwa karama ya Mungu yapatikana kwa mali."

Utatajiwa mjane wa Sarepta, kwamba alitoa chakula chake cha mwisho. Soma mpaka mwisho. Unga ule na mafuta yale havikuondoka nyumbani kwake. Eliya alikula pale pale, pamoja na mjane na watu wa nyumba yake, siku nyingi za njaa. Mtamba wako akiondoka, ni nani wa kwenu atakayekunywa maziwa yake?

Huyo ng'ombe huenda akahitajika. Ikiwa majibu yatataka matibabu, kutakuwa na nauli, vipimo, dawa, na siku ambazo hutaweza kufanya kazi. Usiuze chochote kabla daktari hajakuambia gharama. Uliza kuhusu bima, na kama hamna, omba uonyeshwe ofisi ya ustawi wa jamii pale pale hospitalini ueleze hali ya nyumbani.

Na hao wanaokuharakisha kuelekea muujiza, mji wa Moshi unajua haraka hiyo ilivyowahi kutugharimu. Tarehe 1 Februari 2020, kwenye uwanja wa Majengo, watu walisukumana kukanyaga mafuta ya upako na 20 wakafa. Walikuwa mama na baba na watoto waliokuwa na shida za kweli kama yako, na sitawahi kuwacheka. Nakuomba tu ulinganishe na Yakobo 5:14. Mgonjwa ndiye anayewaita wazee wa kanisa, nao ndio wanaokwenda, wamwombee na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana. Mafuta yapo, maombi yapo. Mbio hazipo, na bei haipo.

Mume wako mwambie akishuka safari hii, kabla hajajiandikisha nyingine. Unadhani unamlinda, lakini mtu anayelala na wewe amekwisha kuona kuna kitu, na huko juu anabeba wasiwasi usio na jina. Asiposhuka kabla ya siku ya kwenda, nenda na dada yako au rafiki mmoja asiyeogopa kuuliza. Majibu yakiwa mabaya hutasikia nusu ya yanayosemwa, kwa hiyo yeye aandike: ni aina gani, umefika wapi, kinafuata nini na lini, kitagharimu kiasi gani. Wakisema ni uvimbe wa kawaida, uliza kama unatolewa au unaangaliwa tu, na urudi lini. Wakisema ni saratani, panga tarehe ya kuanza kabla hujatoka mle ndani, na ukishaanza usikatishe dozi kwa sababu mtu amekuambia ameona kwenye maono kwamba umepona. Upone kweli, na vipimo vionyeshe.

Jirani yako simlaumu, alikupeleka alikodhani kuna msaada. Ila kwa mtumishi huna deni. Huhitaji kwenda kuaga wala kujieleza, na maneno yake kwamba mlango utafungwa hayana nguvu juu yako. Ulibatizwa kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, na hakuna Jumatano inayoweza kulifuta hilo.

Leo mpigie simu mchungaji wa usharika wako. Mweleze yote, na la mtamba pia, kisha mwombe aje nyumbani na wazee wawili Jumatano hiyo hiyo jioni, mumeo akiwepo kama ameshuka, muombe pamoja majibu yakiwa tayari mnayo. Kadi ya hospitali na ile barua ya rufaa viweke kwenye mkoba usiku, utoke na gari la kwanza asubuhi.